Mhazeli wa Uturuki katika mtaa wetu

Katika mtaa ninaoishi hapa Ujerumani kuna safu ya miti ambayo nilipita chini yake kwa miaka miwili bila kuijua, mpaka Septemba moja kilipoanguka mbele yangu kichala cha matunda yaliyovikwa maganda laini yenye ncha ndefu zilizojipinda, mfano wa kalunguyeye aliyejikunja. Ndani yake mlikuwa na njugu za hazeli, ndogo na zenye kaka nene kuliko zile za dukani.

Hazeli niliyoizoea, Corylus avellana, ni kichaka kinachochipua vijiti vingi kutoka ardhini, ilhali huu wa mtaani, mhazeli wa Uturuki (Corylus colurna), husimama kwa shina moja lililonyooka, na matawi yake hufanya umbo la pia iliyopinduliwa. Majani ya miti hii miwili hufanana mno, kwa hiyo anayetegemea jani peke yake atakosea. Mimi hutazama gome, ambalo kwa mti huu ni la kijivu, lenye nyufa na magamba yanayobanduka kama kizibo kikuukuu. Mwishoni mwa majira ya baridi, kabla ya majani kutoka, mikia ya manjano ya maua ya kiume huning'inia matawini, na maua ya kike huwa nyuzi nyekundu ndogo ambazo ni lazima uzikaribie ndipo uzione.

Asili yake ni Balkani, kaskazini mwa Uturuki na Kaukazi, na ndiyo maana huvumilia baridi kali, kiangazi kikavu na udongo wenye chokaa. Kisichoupendeza ni kuhamishwa ukiwa mkubwa, kwa kuwa mzizi wake huenda chini sana. Mti mrefu nilioununua kwanza ili niupande kwangu ulikauka kabla ya mwaka kwisha. Wa pili, mche wa kimo cha kiuno uliokuwa chunguni, niliupanda Oktoba, mita 7 kutoka ukutani kwa sababu unaweza kufikia mita 20, nikaumwagilia ndoo mbili kila wiki kwa viangazi viwili. Mwaka wa kwanza haukuongezeka hata shibiri. Sasa umenipita kimo.

Njugu bado haujazaa. Nimeokota za mtaani kabla kindi hawajazimaliza, nikazifukia katika bakuli la mchanga wenye unyevu ndani ya jokofu, ambamo zitakaa miezi minne ili ziweze kuota, ingawa mke wangu amekwisha kuuliza mara mbili bakuli hilo litaondoka lini.