Kiti cha sifuri

Jumanne, usiku.

Swali lilikuwa: andika kwa tarakimu, mia tatu na tano. Binti yangu akaandika 3005. Nikafuta, nikamwambia hiyo ni elfu tatu na tano. Akaandika tena 3005, safari hii kubwa zaidi, kana kwamba shida yangu ni macho. Nilipotaka kufuta tena akaniwahi. "Mama, mia tatu si hii hapa?" Akaiziba ile 5 kwa kidole, ikabaki 300. Akakitoa kidole. "Na tano si hii?"

Sikuwa na la kujibu. Alikuwa ameandika alichosikia, neno kwa neno. Tunapoitamka namba tunaitaja kila thamani kwa jina lake: elfu, mia, kumi. Tukija kuiandika, majina hayo yote yanabaki mlangoni, na tarakimu inatambulika kwa kiti ilichokalia tu. 3 ikikaa mwisho kulia ni tatu. Ikisogea hatua moja kushoto ni thelathini, ikisogea tena ni mia tatu, na sura yake ni ile ile. Kwa mtoto wa miaka saba, hicho ni kiinimacho.

Nikaleta vijiti. Nikamhesabia 16, nikaandika 16 kwenye karatasi, nikagusa 6. "Nionyeshe hii kwenye vijiti." Akatenga sita. Nikagusa 1. Akatenga kijiti kimoja. Tisa vikabaki mezani bila mwenyewe, wala havikumsumbua. Mimi vilinisumbua. Mtoto huyu "makumi na mamoja" anayataja kwa kuimba, na kumbe muda wote ile 1 kwake ni moja tu!

Basi tukafunga vijiti kumikumi kwa mpira. Fungu moja, na sita pembeni. Hapo lugha ilitubeba: kumi na sita imeshajieleza yenyewe. Msaada unakatika ukifika ishirini, maana ishirini, thelathini na arobaini tumezichukua kwenye Kiarabu, na ndani ya ishirini huisikii mbili hata utege sikio vipi. (Sitini, sabini na tisini zina nafuu, kwa kuwa sita, saba na tisa nazo zilitoka huko huko.) Tukakubaliana kwa usiku huu tuseme makumi mawili, makumi matatu. "Makumi tisa na tisa" ilimchekesha mpaka akashuka kwenye kiti.

Kutoa ndiko kulikoniumbua mimi. Jana kwenye 52 − 28 alipata 36: mbili kutoa nane haiwezekani, akageuza, nane kutoa mbili. Mimi nilifundishwa "kukopa", na sikuwahi kujiuliza deni hilo hulipwa lini. Kwenye vijiti hakuna aliyekopa kitu. Unafungua fungu moja, vijiti kumi vinaungana na viwili vya pembeni, unakuwa na makumi manne na mamoja kumi na mawili. Bado ni 52 ile ile. Ondoa nane, ondoa makumi mawili, zimebaki 24. Nimefanya hesabu hiyo maisha yangu yote na leo ndiyo mara ya kwanza nimeiona.

Tukarudi kwenye mia tatu na tano. Vijiti havikutosha, nikachora visanduku vitatu. Mamia, akaandika 3. Mamoja, 5. Cha katikati akakitazama. "Makumi hakuna. Hakuna inaandikwaje?"

Ningemwambia habari za Warumi, ambao wangeandika CCCV, mia, mia, mia, tano, na wangeelewana naye vizuri kuliko mimi, kwa sababu kwao kila herufi ilibeba thamani yake popote ilipokaa. Au za Brahmagupta kule India, aliyeandika kanuni za kukokotoa kwa sifuri mwaka 628. Nikaishia kwenye neno lenyewe: sifuri ni ya Kiarabu, na maana yake ni tupu. Inakilinda kiti ili 3 isiteleze ikawa thelathini.

Akaandika 305. Nikampa elfu mbili na kumi, akachora visanduku vinne mwenyewe, akapata 2010. Kisha akauliza kama kushoto kwa ile 2 nako kuna viti vitupu. Nikamwambia vipo.

"Mpaka wapi?"

Nikamwambia akalale.