Nilivyofutiwa neno "udanganyifu" kwenye karatasi zangu za jeshi

Karatasi yenyewe inaitwa DD 214. Anayetoka jeshi la Marekani kwa kawaida hupewa, na kule mwajiri akisikia uliwahi kuvaa sare, ndiyo ya kwanza kuulizia. Kwenye yangu, kisanduku cha 28, panapoandikwa sababu ya kuondoka, palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kuingia jeshini kwa udanganyifu. Nilikuwa nimemaliza wiki sita tu za mafunzo. Nilipokuja Kisumu kumwona mama niliificha katikati ya nguo, lakini mama ni mwalimu mstaafu, karatasi haimpiti. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja vilevile nilivyoikunja, akaniuliza: "Wewe ulimdanganya nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nipigane miaka mitatu. Kazi zipo, pesa zinatafutwa. Lakini mama kusoma neno lile juu ya mtoto wake, hapana.

Ilikuwa hivi. Wiki ya tano nilikohoa usiku kucha kwa baridi na vumbi. Mhudumu wa afya akaniuliza kama nimewahi kuugua pumu. Nikamwambia nilipokuwa mdogo kifua kilinibana, nikapewa pampu ya kupuliza mdomoni. Ukiwa na miaka mingapi? Nikakisia tu: kama kumi na minne hivi. Akaandika. Na kwenye fomu ya afya niliyoijaza kabla ya kuapa kulikuwa na swali kama nimewahi kutumia pampu, nami niliweka alama ya hapana, kwa sababu aliyeniandikisha aliniambia, "Weka hapana kote, usijichongee." Wakaziweka karatasi mbili kando kwa kando. Haikuchukua muda nikawa kwenye ndege.

Ushauri niliopata baada ya hapo bado unanikera. Mmoja aliniambia nisiombe faili langu kamwe, eti nitawakumbusha. Mwingine, bwana mmoja wa Nairobi, alitaka shilingi 150,000 "asukume faili". Faili liko Marekani, yeye yuko Nairobi, analisukuma na nini? Faili huombwa kwa fomu SF 180, na sikulipa chochote. Rufaa nayo ni bure: fomu DD 293 kwa bodi inayopitia upya namna watu walivyoachishwa jeshi, na una miaka 15 tangu siku uliyotoka. Ipo bodi nyingine ya kusahihisha kumbukumbu, fomu DD 149, yenye miaka 3 tangu ulipoligundua kosa. Mimi nilianza na ile ya kwanza.

Nikaanza vibaya. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa saba. Niliwaeleza nilivyolala kwenye kiti uwanja wa ndege, nilivyowapenda wenzangu, jinsi nilivyomaliza matembezi ya maili kumi na mzigo mgongoni. Kila neno lilikuwa kweli. Jibu lilichukua karibu mwaka, na lilikuwa fupi: hakuna ushahidi wa kosa. Nililia. Kisha nikaisoma tena polepole, nikaona kwamba kwenye kurasa zote saba sikuwa nimeweka hata tarehe moja.

Ndipo nikakaa na kanuni zenyewe. Kanuni ya jeshi ya 635-200, sura ya 7, inasema udanganyifu uwe wa makusudi, na kabla ya yote jambo lililofichwa liwe kweli ni la kumzuia mtu kuandikishwa. Na kanuni ya afya inamzuia mwenye historia ya pumu baada ya kutimiza miaka 13. Baada ya. Nilizaliwa Machi 1998. Kwa hiyo kesi yangu yote ilikuwa swali moja: nilipuliza ile pampu kabla ya Machi 2011 au baada yake? Na mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia kumi na minne.

Nikarudi Kisumu kuitafuta tarehe. (Mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani kama mimi, hesabu siku zako. Usikae nje ya Marekani ukafikisha mwaka bila kibali.) Hospitali nilikotibiwa utotoni ilinipeleka stoo ya mafaili, chumba kisicho na dirisha, mafaili yamefungwa kwa kamba za mkonge, mengine yameliwa na panya kwenye kona. Karani alikuwa mama mmoja mwenye subira kubwa, tukapekua pamoja siku mbili, yeye ameketi kwenye kigoda, mimi nimepiga magoti. Mwaka 2007 tukaupata. Mwaka 2008 tukaupata. Mwaka 2010 tukaupata. Wa 2009 uliharibiwa na maji, paa lilivuja. Nilitoka pale nikapanda boda boda hadi soko la Kibuye bila kujua naenda kufanya nini Kibuye.

Jioni nikamweleza mama kilichonirudisha, maana nilikuwa namficha kwa aibu. Hakunijibu. Aliingia chumbani akavuta sanduku la bati nililokwenda nalo shule ya bweni, lenye jina langu kwa rangi nyeupe, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo tatu. Aliyekulia huku anajua: ukienda kutibiwa hospitali ya serikali unanunua daftari la shule, na daktari anaandika humo. Mama alikuwa hajatupa hata moja. Langu lilikuwa la kurasa 32, jalada la buluu limefifia, nyuma jedwali la kuzidisha, harufu ya dawa ya nondo. Ukurasa wa kumi na kitu: 14/8/2009, kukohoa siku tatu, mluzi kifuani, pampu, arudi baada ya wiki mbili. Muhuri wa hospitali wa zambarau, nusu yake imetoka nje ya mstari. Nilikuwa na miaka 11. Kurasa zilizofuata ni malaria, malaria, jino, malaria. Kifua hakitajwi tena.

"Ulikuwa darasa la sita," mama akasema. "Mimi ndiye niliyekushika mgongo usiku ule. Kwa nini hukuniuliza?"

Lakini daftari linaonyesha kilichotokea, halionyeshi ambacho hakikutokea. Nilihitaji kuthibitisha kwamba baada ya miaka 13 sikuwa na pumu. Hapa najisifu, kwa sababu hakuna aliyenifundisha: nilikumbuka kwamba ukiingia kidato cha kwanza shule ya bweni unapeleka fomu ya afya iliyojazwa na daktari. Nikapanda matatu hadi Vihiga. Naibu mwalimu mkuu, ambaye hakunifundisha kamwe, alinitolea faili langu la 2012 chini ya nusu saa. Pumu: hana. Kifua: safi. Sahihi, muhuri, tarehe. Nikaongeza cheti cha mbio za mita 5000 cha mwaka 2014, na kipimo kipya cha mapafu, kama shilingi elfu tano au sita hivi. Mama akaapa mbele ya wakili mjini, elfu moja na kitu.

Safari hii barua ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, kila sentensi ikielekeza kwenye kiambatisho. Nikaomba kusikilizwa ana kwa ana, haki ambayo bado unayo hata wakikukataa kwa kusoma karatasi tu. Nilisikilizwa kwa simu. Saa nne asubuhi ya Virginia, iliko bodi, ilikuwa saa kumi na moja jioni ya Kisumu, mwezi wa Mei, saa ambayo mvua hupiga mabati mpaka husikii jirani. Nikaazima ofisi ya rafiki, Mtaa wa Oginga Odinga, ghorofa ya pili, dari ya zege. Mvua ilikuja kweli. Hawakuisikia.

Waliniuliza nilichokitegemea: kwa nini uliandika hapana? Niliwajibu kwamba niliambiwa niandike nikakubali, na nilikosea. Kisha nikasema, nililolificha lisingenizuia, tarehe iko kiambatisho cha pili. Usijaribu kuruka swali hilo. Mama naye alizungumza, dakika nne hivi, kwa sauti ya darasani. Alipomaliza palikuwa kimya, halafu mmoja wao akasema, "Asante sana, mama."

Uamuzi ulifika baada ya miezi mitano. Kisanduku cha 28 sasa kinasema niliondoka kwa mamlaka ya waziri wa jeshi, maneno yasiyomtuhumu mtu. Kisanduku cha 24 hakikubadilika, kinasema utumishi wangu haukupewa sifa yoyote, nzuri wala mbaya, kwa kuwa nilitoka ndani ya siku 180 za mwanzo. Hilo nalikubali. Namba ya kurudi jeshini ni 3, maana yake naweza kuomba tena kwa kibali maalumu, na fomu zake nimeshaanza kuzijaza. Kwenye swali la pampu nimeandika ndiyo, 14/8/2009.