Kolslo ya chizi, ya baridi kabisa

Jamani leo nimetengeneza kolslo ya chizi, yaani saladi ya kabichi mbichi yenye jibini, nzito halafu laini, hapa bado niko jikoni nalamba kijiko 😋 Kazi yote iko kwenye kabichi aisee, ikate nyembamba sana, inyunyizie chumvi kidogo uiache kama dakika 30 hivi, utaona maji yanavyojikusanya chini ya bakuli, sasa ikamue kwa mikono kwelikweli maana ukiyaacha yatatokea baadaye na sosi yote inakuwa majimaji. Karoti nakwangua tu. Sosi ni mayonezi, mtindi kidogo, siki, haradali, pilipili manga na sukari kiduchu, chumvi usiongeze kabla hujaonja manake kabichi na chizi tayari zinayo. Chizi mi nachukua cheda kali ya kipande naikwangua mwenyewe, ile ya pakiti iliyokwanguliwa kabisa mara nyingi wanaipaka wanga isishikane na mi huwa nausikia mdomoni. Changanya, funika, friji angalau saa moja ladha ziingiane. Ukiitoa kabichi bado inakatika kwa mlio, vipande vya chizi vimekaza kidogo, pembeni ya kuku wa moto mtaniambia!!