Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya wageni kwenye ofisi ya usajili

Nikisema nafanya kazi ofisi ya usajili ya timu ya chuo huku Marekani, mpira wa Kimarekani, watu hudhani kazi yangu ni kugawa jezi na kuahidi pesa. Mimi ni Mkenya, huu ni mwaka wa sita niko kwenye kazi hii. Juni ndio mwezi wetu wa wageni, vijana wa sekondari wanaokuja na wazazi kutazama chuo. Hii hapa Jumamosi moja.

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Kufika saa mbili nimeshahakiki vyumba vya hoteli, basi, chai, na majina ya vijana wote kwenye makabati ya chumba cha kuvalia. Herufi moja ikikosewa, mama mtu ataiona kabla ya mtoto.

Saa tatu inafika familia kutoka Texas. Walitarajiwa jana jioni. Ndege ikachelewa, wakalala kwenye viti vya uwanja wa ndege. Mama ni Mkongo, na kijana alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Nikamwambia, “Karibu mama, pole na safari.” Akanitazama kidogo, ndipo akaweka mkoba wake chini. “Kumbe uko mtu wetu huku.”

Uwanja, chumba cha mazoezi, picha na jezi: masaa matatu mazima, tabasamu lile lile.

Saa saba tunakaa na karatasi ya alama. Ili acheze ngazi ya juu mwaka wa kwanza, kijana anahitaji masomo 16 ya msingi na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4. Huyu alianza sekondari Kiingereza chake kikiwa kichanga, na yale madarasa ya mwanzo ya kujifunza lugha hayahesabiwi. Ana pengo. Kwenye video zake za mchezo pengo hilo halionekani, anaonekana tu akiwasukuma watu wazima. Tukampangia masomo ya kiangazi. Alikuwa anaandika kila kitu kwa kalamu kwenye kiganja, mpaka nikampa daftari.

Kisha chakula cha mchana, na hapo siku yangu ilipoharibika. Familia ilikuja na bwana mmoja anayejiita mjomba. Mama hakumwita mjomba hata mara moja. Kabla kijana hajamaliza sahani, bwana akanivuta pembeni: anataka kiasi cha pesa atakacholipwa kijana, kwa maandishi, leo. Nikamweleza kwamba tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na mwaka ule wa kwanza ukomo ulikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kizima, michezo yote. Ila ofa ya maandishi haitoki kabla ya Agosti 1 ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Akasema vyuo vingine vimeshampa. Nikamwomba anionyeshe. Hana. Akarudi kwenye kiasi. Nikarudi kwenye Agosti. Tukazunguka hivyo karibu saa nzima, chai yangu ikipoa, mara simu yake, mara bega langu, mpaka akauliza wazi: na yeye atapata nini? Nikamjibu hapana, kwa adabu, mara tatu. Miguu ilikuwa inawaka moto, na nikawa bado natabasamu kwa sababu mama alikuwa anatutazama.

Pesa zina uzito, sikatai. Mama anayesafisha hoteli usiku ana haki ya kuuliza. Lakini nimeona vijana wakiacha dau kubwa, na sababu haikuwa uwanja wala taa. Kijana huyu aliniuliza swali moja tu siku nzima, tukiwa kwenye lifti: “Mbele yangu wako wangapi?” Ni swali la mtu mzima. Kikosi sasa mwisho wake ni watu 105, na makocha wengi wanapenda kuchukua mchezaji wa miaka 22 aliyehama chuo kingine kuliko kumlea wa 18. Nikamwambia ukweli: kwenye nafasi anayocheza wako wanne, wawili wanamaliza mwaka huu.

Jioni, sijui ilikuwa saa ngapi, nyumbani kwa kocha. Mama akanivuta mkono nimtafsirie. “Muulize, mwaka kesho atakuwepo?” Kocha akanyamaza. Makocha huhama, na kijana akishatia saini na chuo Desemba hajui kocha atakayemkuta. Kocha akasema hawezi kuapa. Nikatafsiri vilevile, bila kupaka sukari. Mama akatikisa kichwa polepole, akaomba namba ya mtu atakayemfungulia mtoto mlango akiugua usiku. Nikaandika yangu.

Nilivua viatu karibu saa sita usiku. Ujumbe ukaingia: “Binti yangu, kesho ibada ya Kiswahili iko wapi?” Bwana yule hakutajwa. Nikampigia rafiki wa Bujumbura anayeishi upande wa pili wa mji. Ibada ni saa nne, ndege yao saa tisa. Nikamjibu mama kwamba nitawapitia hotelini saa tatu na nusu.