Kidonda kilipimwa, siyo damu peke yake

Kilianza na malengelenge manne matano sehemu za siri. Yakapasuka, yakaungana, pakawa kidonda kimoja kipana. Nilichomwa sindano ya penisilini wakidhani ni kaswende. Mwezi ukapita, kidonda kipo palepale, na kukojoa mpaka nishike ukuta.

Zahanati moja ya mtaani ikanitoa damu, karatasi ikarudi na neno hepesi, ugonjwa wa malengelenge unaoletwa na kirusi. Nilirudi nyumbani Ujiji nikilia, na kumbe bado sikuwa na jibu. Dada wa maabara ndiye aliyenifumbua macho. Kipimo kile cha damu hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza dhidi ya kirusi cha hepesi. Kinaonyesha kwamba kirusi kiliwahi kuingia mwilini, pengine miaka mingi nyuma. Hakisemi kidonda cha leo kimeletwa na nini. Wengi wetu tunaoishi na VVU tunacho kirusi hicho. Kila kidonda kikiitwa hepesi kwa damu tu, kaswende itapita hivihivi.

Basi akachukua majimaji ya kidonda. Majibu: kirusi hakikuonekana. “Usifurahi wala usikate tamaa, mama. Kimeanza kukauka, na umepaka dawa, kwa hiyo kirusi kinaweza kuwepo kisionekane. Yakitoka mapya usioshe kwa chumvi, usipake kitu, njoo siku hiyohiyo.”

Yalitoka tena nikiwa mwaloni Kibirizi, nanunua migebuka. Nilisikia mwasho ule ule. Nikamwachia wifi ndoo zote, nikapanda bodaboda. Dada akatoboa lengelenge kwa ncha ya sindano, akazungusha kijiti cha pamba kwenye kitako cha kidonda, nikauma kitenge. Kijiti akakivunjia ndani ya kichupa chenye maji ya rangi ya waridi, kikaingia kwenye boksi la barafu, kikasafirishwa kwenda kupimwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.

Majibu yakaja: hepesi aina ya 2. Kaswende, hakuna. Nikapewa asaiklovia miligramu 400, mara tatu kwa siku, siku 10.

Daktari wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, hakuishia hapo. Kidonda cha hepesi kikizidi mwezi kwa mwenye VVU, huhesabiwa hatua ya nne ya ugonjwa, kwa hiyo akataka kipimo cha CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, na cha wingi wa virusi vya VVU. Ilibidi niseme ukweli: nilikuwa naruka dozi za ARV siku za safari za mnadani. Sasa vidonge natembea navyo, vimefungwa kwenye pindo la kanga.

Karatasi ya majibu nilimpa mume wangu mkononi. Aliisoma mara mbili, akauliza yule dada wa maabara huingia kazini saa ngapi.