Sukari ndani ya lenzi ya jicho

Baba yangu mdogo, mzee wa hapa Tabora aliyezoea miwani ya kusomea, alianza kusoma gazeti bila miwani, na nyumbani tukasema macho yake yamerudi ujanani. Kipimo cha damu kilieleza vingine: sukari ilikuwa imepanda sana, na lenzi zake zilikuwa zimebadilika kiasi kwamba vya karibu vilionekana vizuri huku vya mbali vikififia.

Lenzi haina mishipa ya damu. Glukosi, yaani sukari ya damu, huifikia kupitia majimaji yanayoizunguka, huingia bila kusubiri insulini (homoni inayoruhusu sukari kuingia kwenye seli nyingi), na sehemu kubwa huvunjwa pasipo oksijeni. Kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachoanzisha uvunjaji huo kikielemewa, ziada huchukuliwa na kingine kiitwacho aldosi ridaktesi, ambacho huigeuza kuwa sobitoli, aina ya kileo-sukari. Nayo, kwa kuwa hupenya utando wa seli kwa shida, hurundikana na kuvuta maji. Shughuli hiyo pia humaliza nguvu ambayo lenzi ingeitumia kuhuisha glutathioni, kinga yake dhidi ya madhara ya oksijeni. Kwa panya wa maabara wenye kisukari, njia hii huleta mtoto wa jicho, yaani ukungu wa lenzi, upesi. Lenzi ya mtu mzima ina aldosi ridaktesi kwa kiasi kidogo zaidi, ndiyo maana siridhiki na maelezo yanayoitwisha sobitoli mzigo wote.

Kwa wazee, mimi naona uzito uko kwenye protini. Baadhi ya protini za kiini cha lenzi zilitengenezwa kabla hatujazaliwa, na hazibadilishwi kamwe. Glukosi hujibandika juu yake bila msaada wa kimeng'enya chochote, mwaka baada ya mwaka, hadi zishikamane, zigeuke rangi kutoka manjano kuelekea hudhurungi, na kutawanya nuru. Hayo humpata hata asiye na kisukari, ila kisukari huyaharakisha. (Asali yetu ya miombo, ambayo wengi hapa humruhusu mgonjwa kuila atakavyo, nayo kwa sehemu kubwa ni fruktosi na glukosi.)

Sukari ya Baba mdogo iliposhuka kwa dawa, maandishi ya karibu yalififia tena, naye akataka miwani mipya siku hiyo hiyo. Aliambiwa asubiri wiki kadhaa sukari itulie, kwa kuwa kipimo cha mapema kingepitwa na wakati. Badiliko hilo la maji ndani ya lenzi hurekebika. Protini zilizokwisha kushikamana hazirekebiki kwa dawa, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, baada ya daktari kuchunguza pia retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru), ambayo kisukari huweza kuiharibu hata lenzi ikiwa safi.