Vocha za Kukwangua Katika Ukumbi wa Mihadhara

Nilipoajiriwa kufundisha masoko ya mazao katika chuo kimoja hapa Moshi, hakuna aliyeniuliza kama ninajua kufundisha. Shahada ya uzamivu ilitosha. Mafunzo ya mbinu za ufundishaji yalikuja miaka kadhaa baadaye, kwa sura ya semina fupi yenye chai nzito na mwezeshaji mwenye kujiamini sana, ambaye alitutangazia kwamba siku hizi kila mwanafunzi ana simu janja na kwamba mhadhiri anayegawa karatasi amepitwa na wakati. Tulifundishwa mahali pa kubofya. Sababu ya kubofya haikuwamo katika ratiba.

Niliutii ushauri ule kikamilifu. Niliandaa maswali katika programu ya papo kwa papo, ile inayoonesha majina ya wanaoongoza ukutani, nikaiwasha mbele ya darasa la watu zaidi ya mia moja. Intaneti ya ukumbi ilizidiwa kabla ya swali la pili. Waliokuwa na kiswaswadu walikaa wakitazama, waliokuwa na bando waliwagawia wenzao mpaka likaisha, na aliyeongoza kwa alama alikuwa amejiandikisha kwa jina la Ugali Maharage, ambaye hadi leo sijamjua na ambaye nina sababu ya kuamini kwamba alikuwa amekaa kantini. Kicheko kilikuwa kikubwa. Kuhusu masoko ya mazao sidhani kama kuna aliyejifunza lolote.

Nilichokihitaji nilikipata nje ya semina, katika mbinu ya ujifunzaji kwa timu iliyobuniwa na Larry Michaelsen wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya darasa lake kukua kutoka wanafunzi 40 hadi 120. Mwanafunzi husoma kabla ya kipindi, hufanya jaribio fupi peke yake, kisha hulirudia jaribio lilelile akiwa na timu ya watu 5 hadi 7, na muda wote unaobaki hutumika kutatua tatizo halisi. Jaribio la timu hufanywa kwa kadi ya kukwangua: ukikwangua jibu sahihi unakuta nyota, na ukikosea timu inarudi kubishana kabla ya kukwangua tena. Mimi hutoa alama 4 kwa mkwanguo wa kwanza, 2 kwa wa pili, 1 kwa wa tatu. Kadi hizo huuzwa ng'ambo, na kuzisubiri zifike Moshi ilikuwa sawa na kutofundisha kabisa. Lakini katika nchi ambayo watu wamekwangua vocha za simu kwa miaka mingi, sikuona sababu ya kuagiza mkwanguo kutoka nje.

Nilikwenda duka la rangi nikaomba rangi ya mafuta ya fedha, na kijana wa pale alipoelewa ninachotaka kufanya alicheka, akasema, "Mama, hiyo haitakubali sabuni, chukua ya maji." Nilichanganya vijiko viwili vya rangi ya maji ya kijivu na kijiko kimoja cha sabuni ya kuoshea vyombo. Juu ya karatasi tupu mchanganyiko ule uling'ang'ania, na aliyekwangua aliondoka na rangi, nyota na karatasi yenyewe. Siri ni selotepu: bandika kwanza selotepu angavu juu ya visanduku vyote vya majibu, paka rangi juu yake mara mbili, acha ikauke usiku kucha, kisha sarafu itaitoa bila kuumiza kitu. Nilijiona fundi mkubwa, hadi timu moja ilipomulika kadi kwa tochi ya simu kutoka nyuma na kusoma nyota zote kwa utulivu. Tangu hapo nachapa kwenye manila, na mgongoni naweka michoro ovyoovyo iliyojaa nyota za uongo. Wengine walikuwa wakisikiliza shangwe za jirani na kukwangua herufi ileile. Hao niliwatibu kwa kuchapa kadi za rangi tofauti, kila rangi na mpangilio wake wa majibu. Gharama yote kwa muhula haikunishtua. Selotepu ndiyo iliyokula zaidi.

Tatizo la mwisho wa kipindi ndilo ninalojivunia. Timu zote hupewa hali ileile ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa na kuchagua jambo moja tu: kupeleka kahawa mnadani, kumuuzia moja kwa moja mnunuzi wa nje, au kusubiri bei. Nikihesabu tatu, kila timu huinua herufi yake kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna wa kujificha nyuma ya jibu la mwenzake. Wanafunzi waliokulia katika familia za wakulima wa Rombo na Kibosho hubishana hapo kwa ukali ambao mhadhara wangu haukuwahi kuuamsha, hasa inapotajwa mikopo ya pembejeo inayokatwa kabla mkulima hajaona fedha.

Simu sikuzifukuza. Jaribio la mtu binafsi limehamia Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni iliyotoka mwaka 2002, nami hulifungua kuanzia jioni hadi asubuhi ili wanafunzi watumie bando la usiku. Najua wengine hulifanya huku daftari liko wazi. Kadi ya timu huwaumbua kesho yake. Faida yangu ni takwimu za maswali, zinazoonesha swali ambalo wanafunzi wazuri wanalikosa na dhaifu wanalipata, na swali la namna hiyo mara nyingi limeandikwa vibaya, nami huliondoa.

Kwa atakayejaribu wakati wa masika: rangi huchelewa sana kukauka, na kadi zikirundikwa mapema hugandana, kwa hiyo weka gazeti kati ya kadi na kadi. Wanafunzi pia waje na sarafu zao, maana zangu hazirudi.